Nianzeje kuvua kwa boya katika mabwawa ya England?

SWALI: Nimehamia England kutoka Mwanza, ambako nilizoea kuvua sato kwa mshipi wa mkononi. Wenyeji wananishauri nianze na samaki wa bwawani, lakini naona wao huwarudisha majini. Nahitaji vifaa gani, na je, naruhusiwa kupeleka samaki nyumbani?

JIBU: Ndugu msomaji, wamekushauri vyema. Huko samaki wa maji baridi hutengwa mafungu mawili: salmoni na trauti ni fungu moja, na karibu wengine wote, wakiwamo rochi, tenchi, kapi na paiki, ni fungu la pili, ambalo ndilo rahisi kwa anayeanza.

Kwanza kata leseni ya Environment Agency (wakala wa serikali wa mazingira), ambayo ni lazima kwa kila mvuvi wa ufito mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea, kisha upate kibali cha mwenye bwawa, kwa kuwa leseni peke yake haikupi haki ya kuvua popote upendapo. Mito hufungwa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni ili samaki wazaliane, ilhali mabwawa mengi huwa wazi mwaka mzima.

Ufito wa mita 4 hivi, mshipi wa kuhimili ratili 3 au 4, boya jembamba na ndoano namba 16 vinatosha; kumbuka kwamba namba ikipanda, ndoano hupungua ukubwa. Jambo ninalokusihi usilipuuze ni kupima kina, kwa maana mara nyingi anayerudi mikono mitupu alikuwa na chambo kizuri kilichoning'inia mahali pasipo na samaki. Tundika chubwi kwenye ndoano, kisha utupe pale unapokusudia kuvua: boya likizama lote, lisogeze juu zaidi kwenye mshipi, likilala ubavu, lishushe, ncha yake tu ikichungulia, umepata kina kamili. Ondoa chubwi, ubane vizito vidogo visivyo vya risasi kwenye mshipi hadi boya lisimame vivyo hivyo, kwa sababu rochi hudonoa kwa wepesi mno na boya linaloelea juu sana halitakuonyesha. Chambo kiwe funza, mahindi matamu au mkate, na kila utupapo mshipi urushe funza wachache tu, maana samaki aliyeshiba hali tena.

Kuhusu kupeleka nyumbani, sheria ya mito huruhusu, kwa siku, paiki mmoja asiyezidi sentimita 65 na samaki wadogo 15 wa aina zilizotajwa katika sheria hiyo, wasiozidi sentimita 20. Bwawani ni lazima mwenyewe akuruhusu, na wengi hukataa, kwani samaki hao ndio mtaji wao. Kwa hiyo tumia ndoano isiyo na kijino, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki ili usimbandue ute unaomkinga na maradhi, na umshikilie kwenye wavu ndani ya maji mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.