Wadogo zangu wahadhiri wasaidizi, mikono ya watu iacheni mezani

Juzi nilipita nje ya ukumbi wetu hapa Mbeya, nikamsikia mhadhiri msaidizi akiwaambia watumishi wa mafunzo ya jioni, "Wanaounga mkono chama tawala wanyooshe mikono." Nilisimama pale kwenye baridi ya Juni nikiona haya kana kwamba nimesema mimi, na kweli niliwahi kusema.

1. Saikolojia ya siasa msiianzie kwenye nadharia. Anzeni na kikao cha halmashauri ambacho wote walipitisha jambo walilokuwa wakililalamikia koridoni, ndipo mumtaje Irving Janis, mwanasaikolojia aliyeeleza jinsi kundi linavyokubaliana kwa kunyamazisha mashaka ya wanakundi.

2. Stanley Milgram, aliyepima utii kwa kuwaamuru watu wampe mwenzao shoti za umeme, ambazo kwa kweli zilikuwa za uongo, msimwishie kwenye wale 26 kati ya 40 waliofika volti 450. Semeni pia kwamba msimamizi alipotoa amri kwa simu, utii ulishuka sana.

3. Hili ndilo langu. Katika mwaka wangu wa kwanza, siku chache baada ya kufundisha majaribio ya Solomon Asch, ambamo watu wengi, angalau mara moja, walikubali kwamba mistari isiyolingana ina urefu sawa kwa kuwa wenzao wamesema hivyo, niliamua kuwaonyesha wanafunzi utambulisho wa kisiasa kwa kuhesabu wafuasi wa kila chama humo darasani. Mbele alikaa ofisa utumishi wa halmashauri moja, na nyuma yake walijaa watendaji wa kata wanaomwandikia barua za likizo. Ofisa akanyoosha mkono. Ikanyooka ya jirani zake, kisha safu nzima, mmoja mmoja, hadi ikabaki mikono miwili iliyofumbatwa ndani ya koti. Mimi, msomi, nikaandika ubaoni kwa fahari: 31 kwa 1, na nikasema hii ndiyo data. Asch mwenyewe alishaonyesha kwamba mtu akiandika jibu lake faraghani, shinikizo la wenzake hupungua nguvu, na nilikuwa nimelifundisha hilo kwa mdomo wangu.

Mwenye koti alisubiri wote watoke, akaniomba dasta, akafuta ile 1 kwanza.

"Mwalimu," akasema, "kesho saa mbili nina kikao naye."

Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuatia.

4. Gaweni vikaratasi visivyo na majina, na kalamu za rangi moja. Mkishahesabu, vichaneni mbele yao.