Maswali ya Wasomaji: Kujitolea Katika Kazi ya Maarifa na Ubia

Swali: Kwako Mshauri, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni binti niliyehitimu katika sayansi ya habari, na tangu nihitimu nimekuwa nikimsaidia mama kwenye kibanda chake sokoni Kibuye huku nikituma maombi ya kazi. Sasa nimeona nafasi ya kujitolea katika shirika moja la ushirikiano wa kimataifa. Kazi itafanywa kwa njia ya mtandao kwa muda wa miezi mitatu, na nafasi hiyo imeitwa “usimamizi wa maarifa na ubia”. Baba anauliza nitafanyaje kazi bila mshahara baada ya karo yote aliyoilipa, nami sina la kumjibu, kwa sababu hata mimi sielewi vizuri mtu wa nafasi hiyo hushinda akifanya nini. Je, nikubali?
Mhitimu, Kisumu

Jibu: Dada Mhitimu, nianze na kazi yenyewe, kwa maana swali la baba litakuwa jepesi ukishajua unachokwenda kufanya.

Mashirika ya maendeleo huzalisha karatasi kwa wingi: ripoti za kila robo mwaka, tathmini za miradi, kumbukumbu za mikutano na mada za warsha. Sehemu kubwa huandikwa ili kumridhisha mfadhili, husomwa mara moja, kisha hubaki katika kompyuta ya afisa ambaye mkataba wake unaisha siku ileile mradi unapofungwa. Afisa mwingine akiajiriwa, huanza upya kuwauliza wavuvi wa ufuo uleule maswali yaleyale, na wavuvi kwa adabu zao humjibu tena. Usimamizi wa maarifa ni jitihada za kuukata mzunguko huo. Wazo hilo lilipata nguvu katika taasisi hizi kuanzia mwaka 1996, wakati James Wolfensohn, aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia, alipotangaza kwamba benki hiyo inapaswa kuwa benki ya maarifa pia, si ya mikopo pekee.

Kwa mhudumu wa kujitolea, kazi yenyewe si ya fahari. Utasoma rundo la ripoti na kutoa muhtasari ambao mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kuumaliza kabla ya mkutano kuanza. Utazipa nyaraka majina na tarehe zinazoeleweka ili zipatikane zikitafutwa. Utamhoji afisa anayeondoka kuhusu yale ambayo hakuyaandika popote: mzee gani wa kijiji husikilizwa, barabara ipi hukatika wakati wa masika, ni kwa nini kisima fulani kiliachwa. Pengine utaombwa uandae kikao cha mapitio baada ya shughuli, utaratibu uliotokana na jeshi la Marekani, ambao huuliza tulikusudia nini kitokee, nini kilitokea, kwa nini pakawa na tofauti, na safari ijayo tufanyeje. Upande wa ubia nao ni kuorodhesha nani anafanya nini katika wadi gani, kusoma mikataba ya maelewano na kufuatilia ahadi zilizomo. Usiidharau kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano. Kwa maoni yangu, ubia mwingi haufi kwa ugomvi, hufa kwa sababu hakuna anayekumbuka nani aliahidi nini.

Mfano mzuri uko karibu nawe, ng’ambo ya ghuba, kule Mbita. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, walibuni kilimo ambacho mahindi huzungukwa na nyasi za nepia, zinazowavuta nondo waletao funza wanaotoboa mabua, na katikati ya mistari hupandwa desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, unaowafukuza nondo hao na kulizuia gugu la kiduha, yaani kayongo kwa Waluo. Sayansi hiyo imechapishwa na yeyote anaweza kuisoma. Hata hivyo mkulima wa Siaya au Vihiga anataka kujua mengine: mbegu ya desmodiamu itapatikana wapi na kwa bei gani, palizi ya msimu wa kwanza itahitaji mikono mingapi, na ng’ombe ataanza kunufaika lini na malisho hayo. Majibu ya namna hiyo wanayo wakulima waliokwisha kujaribu, na ndiyo maana mbinu hiyo imesambazwa sana kupitia wakulima wanaowafundisha wenzao katika siku za maonyesho shambani na kwenye mabaraza. Mhudumu wa maarifa anayeijua kazi yake atakwenda kuyatafuta majibu hayo, ayaandike kwa lugha inayosomwa na wenyewe, kisha ayarudishe. Yule asiyeijua atatengeneza kijitabu kingine chenye jalada la kupendeza.

Sasa tumgeukie baba, ambaye swali lake ni la haki. Kujitolea kuna namna nyingi, na ni vizuri azijue. Mpango wa Wahudumu wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioundwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na ambao makao yake yako Bonn, Ujerumani, huwapa wanaotumwa vituoni posho ya kujikimu ya kila mwezi pamoja na bima, na una kundi maalumu la vijana wa miaka 18 hadi 26. Wanaojitolea kwa mtandao kupitia mpango huohuo hawalipwi. Kazi yao haizidi saa 20 kwa wiki wala wiki 12 kwa awamu moja, na wanapomaliza hupata cheti. Ikiwa nafasi yako ni ya aina hiyo ya pili, mwambie baba kwamba hutaacha kumsaidia mama sokoni wala kutuma maombi ya ajira, na kwamba muda wake una mwisho unaojulikana. Ikiwa shirika linakutaka kutwa nzima, siku tano kwa wiki, bila posho wala pesa za data, basi hiyo ni ajira isiyolipwa, na hapo mimi nitasimama upande wa baba.

Kabla ya kukubali, omba hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na mipaka yake, kwa maandishi. Tazama kama zimetaja kitu utakachokikamilisha, kama ni mwongozo, ramani ya wabia au mfululizo wa mahojiano, na kama jina lako litaandikwa juu yake. Uliza msimamizi wako ni nani na mtazungumza mara ngapi. Uliza pia ni nani atakayeitumia kazi yako, na wakishindwa kukutajia hata idara moja au kikundi kimoja, fikiri tena. Ukidaiwa ada ya usajili, ya mafunzo au ya “kushughulikia faili”, hata kama ni kidogo ya kutuma kwa M-Pesa, achana nao. Umoja wa Mataifa hautozi mwombaji senti katika hatua yoyote, na shirika la kweli halina sababu ya kufanya hivyo.

Nyongeza moja kwa kuwa unaishi Kisumu. Lengo la 17 la Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015 linahusu ubia, na vijana wengi wakilisoma hufikiria Geneva na New York. Mjini kwenu kuna makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kaunti 14 za eneo la ziwa zina jumuiya yao ya kiuchumi. Soma Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti ya Kisumu kabla ya mahojiano yako. Mwombaji anayeweza kusema mradi wa shirika la nje unaoana wapi na mpango wa kaunti, na unagongana nao wapi, atasikilizwa kuliko mwenye vyeti vingi vya warsha.

Swali: Mhariri, mimi ni afisa mstaafu wa kilimo ninayeishi Nakuru. Nimefanya kazi nyanjani maisha yangu yote, Molo, Njoro na Subukia. Je, kazi hizi za kujitolea ni za vijana wenye kompyuta tu?
Mzee wa Nakuru

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. La hasha. Kundi la vijana nililolitaja ni moja tu kati ya makundi kadhaa ya wahudumu wa Umoja wa Mataifa, na nafasi za wataalamu huwataka hasa watu wenye uzoefu kama wako. Hata hivyo nitasema bila kuficha kwamba fomu nyingi huuliza programu za kompyuta unazozijua kabla hazijauliza unajua nini kuhusu viazi na baa la kuvu. Njia iliyo nyepesi ni kushirikiana na kijana: yeye ahoji, arekodi na kuandika, wewe usimulie na usahihishe, na majina yote mawili yawekwe kwenye andiko. Anza na mambo yaliyoshindikana, kwa kuwa yale yaliyofanikiwa tayari yako kwenye ripoti.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, sisi ni kikundi cha akina mama wa Bunyala, Busia. Miaka iliyopita walikuja wageni wa kujitolea pamoja na vijana wa Nairobi, wakatuuliza kuhusu mafuriko ya mto Nzoia, wakapiga picha nyumba zetu na watoto wetu, na wakaahidi kuturudishia ripoti. Tulilelewa tukiambiwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini ripoti hiyo hatujaiona hadi leo. Sasa kundi jingine limeomba kuja. Tuwakatalie?
Katibu wa kikundi

Jibu: Mama Katibu, msiwakatalie kabla hamjawasikiliza, ila safari hii wasikilizeni mkiwa na kalamu. Mnayoyajua kuhusu mto ule, maji hupanda kwa dalili gani, hupasua tuta upande gani kwanza, ni njia ipi hubaki kavu, ndiyo hasa maarifa ambayo miradi ya kuzuia maafa huyatafuta kwa gharama kubwa.

Waombeni mkataba mfupi wa maandishi, ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe kwamba matokeo yatarudishwa kwenye kikao cha kikundi, yasomwe kwa Kiswahili au Kinyala, kabla ya kuchapishwa, na kwamba mna haki ya kurekebisha palipoandikwa vibaya. Uandikwe pia kwamba kikundi kitatajwa kama chanzo, na kwamba anayepoteza siku ya shamba kwa ajili ya mahojiano atafidiwa nauli na muda. Mhudumu akisema hana mamlaka ya kutia sahihi, mwambieni amlete aliye nayo. Dada yetu Mhitimu wa Kisumu aisome sehemu hii pia, kwa sababu kesho anaweza kuwa ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza.

Kuhusu picha na majina, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawataka wawaeleze taarifa zenu zinachukuliwa kwa kusudi gani. Mkishatoa idhini mnaweza kuiondoa baadaye, na kwa mtoto idhini ni ya mzazi au mlezi. Wakikiuka, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Ile ripoti ya zamani nayo msiisahau. Ikiwa mradi ule ulifanywa pamoja na serikali ya kaunti au wizara, huenda nakala iko ofisini mwao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawaruhusu kuiomba kwa barua, ikiwa ni kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Tajeni kijiji, mwaka na jina la mradi kadiri mnavyokumbuka, pelekeni barua kwa mkono, na nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa.