Mpe babu kiti cha dirishani

Kama babu au bibi yako alipigana Vita vya Kagera na bado anaweza kupanda ngazi za ndege, mkatie tiketi ya Mwanza kwenda Bukoba, nawe ukae pembeni yake. Usingoje mwakani.

Uingereza watu hulipia kurushwa na Spitfire, ndege ya vita ya zamani, ya viti viwili. Kwetu ndege za vita hazikodishwi, lakini Buffalo, ndege ya mizigo ya jeshi letu wakati ule, ilitengenezwa Kanada na de Havilland, na Dash 8 Q400 zinazotua Bukoba leo ni za ukoo huohuo: mabawa juu ya madirisha, pangaboi mbili. Hata mngurumo babu yangu aliutambua nilipompeleka.

Pangaboi zilipoanza kuzunguka alishika kiti kwa nguvu, akanyamaza. Nilikuwa nimeandaa maswali na simu ya kurekodi. Nikaizima, na nashukuru niliizima. Mawe ya Mwanza yalipobaki nyuma na maji yakatanda chini yetu, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, kumbe ndilo hili?"

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Mwishoni mwa 1978, akiwa na miaka 21, alivuka ziwa hili ndani ya Buffalo. Walikaa kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, migongo ukutani, mizigo miguuni. Safari nzima alitazama uso wa kijana wa Sengerema aliyekaa mbele yake. Ziwa hakuliona.

Kwa hiyo dirisha ni lake, na bawa la juu halimzibi. Siku chache kabla mpeleke akapimwe presha, umuulize daktari kama anaruhusiwa kuruka. Daktari akikataa, ipo meli. Dawa akae nazo mwenyewe. Mweleze mapema kuhusu ukaguzi: mimi nilisahau, akavuliwa mkanda mbele ya watu na kuambiwa atoe medali mfukoni. Uso wake siku ile bado unaniuma.

Usimuulize aliua wangapi. Muulize walikula nini, nani alilala jirani yake kwenye handaki, barua za nyumbani ziliwafikiaje. Majibu yatakuja kwa wakati wake. Mengine babu alinipa usiku wa manane, taa imezimwa, tukiwa chumba kimoja cha wageni.

Tena usimrudishe siku hiyohiyo. Kesho yake tulikwenda Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa mashujaa wa vita hivyo. Alinikataza kumshika mkono. Alipita mstari kwa mstari akisoma majina, nami nikimfuata na maji ya kunywa. Jua lilikuwa kali, hakutaka kivuli. Alipomaliza alirudi mwanzo, akasoma tena.

"Jina lake halipo," akasema. "Basi huenda alirudi nyumbani."

Jumamosi hii tunavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kumuulizia.