Simu ya papo hapo kati ya nyota: itauharibu mchezo wetu?

SWALI: Mhandisi, habari za Kisumu? Sisi ni marafiki watano hapa Nakuru. Jumamosi jioni tunakutana Lanet kucheza mchezo wa kuigiza. Kila mtu ana mhusika wake, mmoja ni msimulizi, na jambo likiwa na wasiwasi tunarusha dadu mbili. Kanuni tumejitungia. Hadithi yetu iko mwaka 2400. Vyombo vya anga vinatoka nyota moja hadi nyingine kwa wiki mbili, na habari zinasafiri ndani ya vyombo kama barua. Sasa mwenzetu mmoja ameongeza kifaa kipya kwenye orodha: simu inayofika nyota yoyote papo hapo, bei shilingi 500 za mchezo, nafuu kuliko bastola. Mimi ndiye msimulizi na moyo unanidunda. Itavunja nini? Fizikia inaikubali? Na bei hiyo ni sawa?

JIBU: Una haki ya kudundwa na moyo. Bastola hubadilisha pambano moja likaisha. Simu hiyo itaingia kila ukurasa wa kanuni zenu, hadi ule wa bei ya nafaka.

Mwaka jana vijana wa mtaani kwetu walinikaribisha mezani pao. Nikapewa mhusika, fundi wa injini mwenye goti bovu. Chombo chetu kikakuta kingine kinaelea gizani, taa zimezimika, mlango umekatwa kutoka ndani. Mwanzo mtamu kabisa. Nahodha wetu akatoa simu kama hiyo yenu, akapiga makao makuu: tuingie? Makao makuu ni msimulizi huyo huyo, basi akajibu: ingieni. Tukafika kwenye sanduku lenye kufuli. Simu tena. Tukasikia kitu kinakwaruza ukutani. Simu tena. Dadu zilikaa mezani nusu saa bila kuguswa, msimulizi anajiuliza na kujijibu. Mimi na goti langu tukaenda jikoni kusaidia kukaanga samaki.

Kilichoharibika pale ni suala la nani anaamua. Habari zikichelewa, nahodha ndiye serikali popote alipo. Afrika Mashariki tuna kisa cha aina hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa porini kaskazini mwa Zambia ya leo na hakujua lolote, akaendelea na vita vyake hadi habari zilipomfikia siku chache baadaye. Alikabidhi silaha tarehe 25 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala. Kati ya amani ya Ulaya na amani ya porini kuna wiki mbili, na msimulizi wa mchezo anaishi kwa wiki mbili kama hizo. Mtie jenerali huyo simu mfukoni na kisa chote kinayeyuka.

Kwa hiyo kabla hujaipiga marufuku, andika kanuni moja: anayeuliza amefungwa. Mhusika akipiga makao makuu anaongezewa mbili kwenye dadu, kwa sababu amepata ramani na ushauri. Lakini jibu alilopewa ni amri. Akilikiuka anashuka cheo. Akilifuata mambo yakaharibika, jina lililo kwenye ripoti ni lake. Aliyewahi kuajiriwa hahitaji kusomewa kanuni hii mara mbili. Wachezaji wako wataanza wenyewe kuisahau simu kwenye droo.

Biashara nayo inageuka. Kabla ya simu za mkononi, mama aliyeleta magunia ya omena Kisumu alijua bei ya Kisumu akishashusha mzigo. Kama maboti matatu yalimtangulia, hasara ilikuwa yake. Siku hizi anapiga simu kabla ya kupakia. Nadhani kanuni zenu za sasa zinarusha dadu kupata bei baada ya chombo kutua. Simu ikiwepo, bei ya leo inajulikana. Isiyojulikana ni bei ya siku 14 zijazo, mtakapofika. Basi rusheni dadu moja badala ya mbili, na hatari mliyoipunguza sokoni ihamishieni njiani. Anayepata faida kubwa sasa ni mwenye chombo anayetoza nauli, si mchuuzi mwenye bahati.

Watoro watapata taabu. Daktari Crippen, aliyeshukiwa kumuua mkewe, alipotoroka Uingereza mwaka 1910 kwa meli kwenda Kanada, nahodha alimtambua na kutuma habari kwa redio ya meli. Inspekta wa polisi akapanda meli ya kasi zaidi, akatangulia, akamngoja. Kama mna mhusika anayekimbia deni, afikirie hilo.

Vita ndiyo sehemu ambayo ningekaza zaidi. Nuru, na redio pamoja nayo, hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Mirihi ni kama dakika 3 sayari zikikaribiana, 22 zikiwa mbali. Unachokiona kwenye kioo ni adui alipokuwa, na hapo ndipo penye utamu wa kuvizia. Ukiruhusu simu ya papo hapo, chombo kidogo cha upelelezi kilichojificha karibu na adui kitakupa picha ya sasa hivi hata ukiwa mwisho wa mfumo wa jua. Kuvizia kumekufa. Dawa yangu ni kwamba simu isifanye kazi ndani ya mzingo wa Neptuni, sayari ya mwisho ya jua letu, ambako redio huchukua kama masaa manne kufika kutoka huku kwetu. Mchezaji akiuliza kwa nini, mwambie uvutano wa jua unaivuruga, kisha songa mbele.

Sasa fizikia. Hapana, haikubali. Najua mtu ataleta habari za chembe pacha za kwanta, zile ambazo ukipima moja hapa, matokeo ya nyingine kule mbali yanaoana nayo. Majaribio ya jambo hilo yaliwapa wanafizikia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022, na ni ya kweli. Lakini matokeo ya kila upande, ukiyatazama peke yake, ni kama dadu zilizorushwa. Kuoana kwake huonekana mkishalinganisha orodha zenu, na kulinganisha huko kunahitaji simu ya kawaida. Mwaka 2011 wanasayansi wa Ulaya walipima neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya hata miamba, zilizosafiri kilomita 730 kutoka CERN, maabara iliyoko Uswisi, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, zikaonekana kuitangulia nuru kwa nanosekunde 60 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Baadaye ikagundulika kwamba kebo moja ya faiba haikuwa imekazwa sawasawa. Sisi mafundi wa mtandao tulicheka kwa huruma. Konekta ndicho kitu cha kwanza kushikwa, hata ukiitwa usiku wa manane.

Neno linaloleta balaa ni hilo la papo hapo. Papo hapo kwa saa ya nani? Tuseme uko Kisumu na chombo chenu kinaitwa Mbuta. Kinapita juu ya Kisumu saa 2 asubuhi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru, na hakisimami. Nahodha anaweka saa yake sawa na yako. Kwa kasi hiyo, nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1905 inasema kwamba ukipima kutoka Kisumu, saa ya Mbuta inasonga dakika 48 kwa kila dakika 60 zako.

Saa 12 jioni mechi imekwisha. Unampigia nahodha kumpa matokeo. Kwako yamepita masaa 10, kwake yamepita 8, kwa hiyo saa yake inasema saa 10 jioni. Yuko umbali wa kilomita bilioni 6.5, Neptuni ameiacha nyuma. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini naye ana haki zile zile ulizo nazo. Kwake yeye Mbuta imetulia na Kisumu ndiyo inayokimbia, basi saa ya Kisumu ndiyo inayochelewa, dakika 48 kwa kila 60 zake. Masaa yake 8 ni masaa 6 na dakika 24 za Kisumu. Anakurudishia yale matokeo papo hapo, kwa maana ya papo hapo yake. Simu yako inalia saa 8 na dakika 24 mchana. Mpira unaanza saa 9. Una matokeo mkononi na dakika 36 za kuweka mkeka wa kubashiri.

Nenda kairudie hesabu hiyo na kalamu, haina hila. Ukimpa kila mwenye chombo simu ya papo hapo kwa saa yake mwenyewe, umemgawia pia simu ya kumpigia jana. Mchezaji yeyote mwerevu ataligundua hilo kufikia kikao cha tatu.

Dawa ipo, ingawa Einstein angeikunjia uso: teua saa moja kuu, na ujumbe wote uwe papo hapo kwa saa hiyo tu. Hata ulimwengu wetu una mahali pa kuanzia kuteua. Anga zima limejaa mnururisho hafifu wa mikrowevu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, na tunaweza kupima kwamba Jua letu linapita ndani yake kwa kama kilomita 370 kwa sekunde. Sema saa kuu ni ya yule aliyetulia kwenye mnururisho huo. Sasa hata nahodha wa Mbuta akijibu haraka namna gani, jibu haliwezi kukufikia kabla hujauliza.

Mezani hutaki hesabu hizo kila Jumamosi, kwa hiyo ondoa simu kwenye vyombo. Weka nguzo moja ya mawasiliano kwa kila nyota, nje kabisa ya sayari zake, zote zikifuata saa kuu. Chombo kinatuma redio ya kawaida hadi nguzoni, masaa kadhaa. Nguzo inarusha hadi nguzo ya nyota ya pili papo hapo. Kisha redio tena masaa kadhaa. Proxima Centauri, nyota ya jirani, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, na redio tupu ingechukua zaidi ya miaka minne. Kwa nguzo unapata jibu kesho. Na sasa ramani yenu ina mahali pa kugombania: nani anaishika nguzo, nani anasikiliza, na nyota zipi hazina, kama wavuvi wanavyofika mahali ziwani simu ikanyamaza.

Jambo moja watu hulichanganya hata kazini kwangu: kuwahi kufika na kubeba vingi ni vitu viwili. Kituo cha satelaiti cha Longonot, huko kwenu kaunti ya Nakuru, kilifunguliwa mwaka 1970. Satelaiti za namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kwa robo sekunde. Waliopiga simu ng'ambo enzi hizo wanakumbuka: unasema halo, kimya, kisha mnaongea wote wawili kwa pamoja. Sasa mchukue mtu wa bodaboda, mpe fleshi ya gigabaiti 128, aende Kakamega. Kutoka hapa Kisumu ni kama kilomita 50, mpe saa nzima. Ukigawanya, kwa biti nane kila baiti, amebeba megabiti 284 kila sekunde. Amechelewa saa moja, lakini njia yake ni pana kuliko intaneti ya nyumba nyingi.

Kwa hiyo nguzo zenu ziwe na kasi isiyo na mwisho na upana wa sindano. Herufi 160 kwa ujumbe, kama SMS moja, basi. Picha, ramani, rekodi za hospitali na vitabu vya benki vitaendelea kupanda chombo wiki mbili, na wahusika wako hawatakosa kazi. Kata vikaratasi, chora visanduku 160, mchezaji aandike kwa mkono wake mbele ya wenzake. Wazazi wetu walilipia telegramu kwa neno pale posta, ndiyo maana ilikuja BABA MGONJWA NJOO. Mgonjwa kiasi gani? Nije na pesa au nije na sanda? Safari nzima ya kurudi nyumbani ilikuwa ni kuyatafakari maneno matatu. Msimulizi anahitaji nini zaidi?

Kuhusu bei, shilingi 500 futa. Nguzo hainunuliki, kinacholipiwa ni ujumbe, na ujumbe mmoja ugharimu mshahara wa mwezi wa fundi wa injini. Yule mwenzenu aliyeandika kile kifaa usimvunje moyo: mpe kibali cha jumbe tatu za bure kwa kila safari. Ya kwanza ataimaliza kwa kuuliza habari za huko.