Fundi Mitambo Anajibu: Ngoma safi mno, kishindo hakuna

*Shikamoo mzee. Natengeneza singeli na hip-hop chumbani kwangu Mbagala, natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, na spika mbili ndogo. Kiki (ngoma kubwa ya besi) na snea (ngoma ya mlio mkali) nazitoa kwenye paketi za kupakua. Zinatoka safi mno, hazina uhai. Nikisikiliza hip-hop ya zamani ya Marekani, au singeli za wenzangu wa Mburahati, ngoma zina mikwaruzo na zinagonga kifuani. Nimeweka distosheni, ile ya kukwaruza sauti, kwenye kila chaneli, sasa imekuwa kelele tupu na hata kile kishindo kidogo kilichokuwepo kimepotea. Nifanyeje? (Prodyuza wa chumbani, Mbagala)*

Marahaba, mwanangu. Unatafuta vitu viwili na umevifunga kwenye furushi moja. Kishindo na mikwaruzo havipatani kirahisi. Kishindo kinatokana na tofauti kati ya pigo lenyewe na kile kinacholifuata: sauti ikipanda ghafla na kushuka upesi, mwili unashtuka. Distosheni inapunguza tofauti hiyohiyo, kwa sababu inakata vilele na kuinua mkia, yaani mvumo unaobaki baada ya pigo. Kila ulipoongeza uchafu ulijinyima kishindo kwa mkono wako.

Kabla ya plagini yoyote, yaani kifaa cha ziada cha kubadili sauti ndani ya programu, angalia urefu wa sampuli, kile kipande cha sauti unachokipakua. Tuseme singeli yako inakwenda mapigo 200 kwa dakika. Gawanya milisekunde 60,000 kwa 200, unapata 300 kutoka pigo hadi pigo, na robo ya pigo ni milisekunde 75 tu. Kiki nyingi za kupakua zimetengenezwa kwa midundo ya taratibu, na mkia wake unaweza kufika milisekunde 600. Hapo kiki ya pili inaingia wakati ya kwanza bado iko nusu ya safari. Mawimbi ya besi yanapandiana, mara yanajumlishana, mara yanafutana, na wewe unachosikia ni mvumo usio na mwanzo wala mwisho. Fungua sampuli, ukate mkia ubaki milisekunde 150 hadi 200, na mwisho wake uufifishe kidogo usije ukatoa "tik". Kisha vuta picha ya wimbi karibu uangalie mwanzo wake. Kama kuna ukimya kabla ya pigo, hata wa milisekunde 5, uondoe. Snea nayo vivyo hivyo. Halafu cheza mdundo usikilize. Wengi nikiwafikisha hapo hawarudi tena kuniuliza habari za kishindo.

Angalia na masta, chaneli ya mwisho ambayo sauti zote zinapita. FL Studio ukiifungua na templeti yake ya kawaida, limita, kizuizi cha sauti kubwa, imeshakaa pale kwenye masta bila wewe kuiweka. Ngoma zikiingia na nguvu inazikandamiza kimyakimya, na wewe unaendelea kulaumu sampuli. Iondoe wakati unajenga mdundo, kiki iache ifike kama desibeli 6 chini ya sifuri, na ukitaka sauti kubwa zungusha kitufe cha spika.

Sasa tuje kwenye mikwaruzo. Hip-hop unayoisema, ile ya New York ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, ilipata sehemu kubwa ya ukali wake kutoka kwenye mashine zenye uwezo mdogo. E-mu SP-1200, mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipanga kuwa mdundo, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa ya biti 12 na ilipima sauti mara 26,040 kwa sekunde. CD hupima mara 44,100 kwa biti 16. Biti 12 zinakupa ngazi 4,096 za sauti, biti 16 zinakupa 65,536. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kama sekunde 10, na maprodyuza akina Pete Rock na Large Professor walifanyia kazi humo. Ili kubana nafasi, watu walicheza santuri ya kasi ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wakairekodi ikiwa inakimbia, kisha wakaishusha ndani ya mashine mpaka irudi kwenye sauti yake. Katika kushusha huko mashine ilishindwa kulainisha mapengo kati ya kipimo na kipimo, zikazaliwa sauti ambazo hazikuwepo kwenye santuri. Ule mchanga unaousikia kwenye snea zao ndio huo.

Huhitaji kuitafuta mashine hiyo, na kwa bei zake za siku hizi nakushauri usijaribu. Pandisha snea yako semitoni 5 (semitoni ni hatua ndogo kabisa ya noti, kama kutoka kitufe kimoja cha piano hadi cha jirani yake), ipitishe kwenye Fruity Squeeze au plagini yoyote ya kupunguza biti au vipimo, uitoe iwe faili jipya la WAV, halafu hilo faili jipya ndilo ulishushe semitoni 5. Matokeo hayafanani na ya kuweka Squeeze juu ya snea moja kwa moja. Ukishusha, uchafu nao unashuka pamoja na snea, unaacha kupiga mluzi masikioni na kuwa mzito wa changarawe. Jaribu pia semitoni 7 au 12. Kwenye hai-hati, yale matoazi madogo ya mlio wa "chi-chi", mimi huishia 3, zaidi ya hapo zinakuwa bati.

Kiki usiifanyie hivyo nzima. Iweke kwenye chaneli mbili. Nakala ya kwanza iondolee kila kitu kilicho juu ya hezi 150 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa chache sauti ni nzito) na uiache safi kabisa, hakuna plagini nyingine kuigusa. Ya pili iondolee kila kilicho chini ya hezi 150, kisha itese utakavyo: distosheni, klipa, kupunguza biti, vyovyote. Mikwaruzo ni ukoko, unanoga ukiwa chini ya sufuria, lakini wali wote ukiwa ukoko umeunguza. Zikichanganywa na besi ikapungua badala ya kujaa, geuza polariti ya nakala moja, yaani wimbi lipinduliwe juu chini, kitufe chake kipo kwenye miksa ya FL. Baada ya hapo panda na nakala chafu polepole kutoka sifuri, na uishie pale ambapo ukiizima unaikosa.

Kompresa, ile inayoshusha sauti zinapozidi, iweke mwishoni, kwenye chaneli moja ambayo ngoma zote zinapita. Uwiano wa 4 kwa 1 unatosha. Ichelewe kushika kwa milisekunde 20 hadi 30 ili pigo lipite kwanza, na iachie ndani ya milisekunde 100 ili iwe imepumua kabla ya pigo linalofuata. Ikishika kwa milisekunde 1 inakata kilekile unachokitafuta. Nawaona vijana wanaiweka hivyo kwa sababu sindano inachezacheza vizuri zaidi!

Na kila plagini unayoongeza, shusha sauti inayotoka mpaka ilingane na ya kabla, ndipo uizime na kuiwasha ulinganishe. Sikio linapenda sauti kubwa kuliko linavyopenda sauti nzuri. Ukimpandishia mtu desibeli 3 bila kumwambia atasema "hapo sasa!" wakati hakuna kilichobadilika.

*Fundi, habari za kazi. Niko Pangani, nina jamaa yangu anapiga chapuo na msondo kwenye harusi. Nimemrekodi kwa simu nipate sampuli zangu mwenyewe, lakini nikiziweka kwenye kompyuta zinasikika kama zimepigwa ndani ya ndoo, na pigo la kwanza tu ndilo lina nguvu. (Msomaji wa Pangani)*

Nzuri, kaka, na hongera kwa kuacha paketi ambazo kila mtu anazo. Hiyo tabia ya pigo la kwanza kuwa na nguvu na mengine kunywea ni kazi ya simu yenyewe. Simu imetengenezwa kwa maongezi. Ikisikia kishindo inajishusha, halafu inaona mvumo wa ngozi ni kelele na kuufuta. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi kwa WAV. Simu ikae mita moja au moja na nusu kutoka kwenye ngoma, isiwe sakafuni. Ile sauti ya ndoo inatoka kwenye kuta. Rekodi nje jioni upepo ukitulia, au kwenye chumba chenye godoro na nguo nyingi. Kikibaki kidogo, punguza hezi 200 hadi 400 kwenye ekwalaiza.

Usirekodi harusini. Mwombe jamaa yako mkae peke yenu, aiote ngoma moto kama kawaida, na uanze kurekodi mara tu anapoitoa. Ngozi ikipoa inalegea na sauti inashuka, kwa hiyo ukichelewa pigo la mwisho halitapatana na la kwanza. Apige pigo mojamoja, akingoja mvumo uishe: la katikati, la ukingoni, la kiganja, la vidole, kila moja kwa nguvu na kwa upole. Mapigo ya upole ndiyo watu wanayasahau, na ndiyo yanayofanya mdundo uonekane una mkono wa mtu. Ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokyumenti, zisiende kama ujumbe wa sauti, maana huko zinabanwa tena. Na mlipe. Chapuo yake ikiingia kwenye wimbo unaouza, mkubaliane mapema kwa maandishi.

*Shikamoo. Babu yetu alituachia radio-kaseti inayofanya kazi bado. Nimesikia kaseti inaweza kuzipa ngoma ladha. Ni kweli au ni mbwembwe? (Binti wa Mwanza)*

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Ni kweli. Mkanda ukijazwa sauti kupita kiasi haukatiki ghafla kama kompyuta, unalainisha vilele taratibu na kula kidogo zile sauti za juu kabisa. Safisha hedi kwanza kwa pamba na spiriti, bila shaka ina ukungu wa miaka. Toa sauti kwenye kompyuta kupitia tundu la hedifoni uiingize kwenye tundu la kuingizia la radio, kama lipo. Kama halipo, weka radio mbele ya spika utumie maikrofoni yake, itakuwa chafu zaidi na pengine utaipenda hivyo.

Radio-kaseti nyingi hujipangia zenyewe kiwango cha kurekodi, kwa hiyo kwa kiki mojamoja hazifai sana. Rekodi mdundo mzima wa dakika moja. Utasikia kila kiki inaisukuma hai-hati chini, halafu hai-hati inarudi juu kama inapumua. Rudisha kwenye kompyuta, upange mwanzo wake na ngoma safi, na uiweke chini yake kwa sauti ndogo. Kasi ya mkanda huyumba, kwa hiyo baada ya muda vitaachana. Kata vipande vya mizunguko minne minne uvipange upya. Usirekodi kwa betri zinazokaribia kuisha, mkanda utachechemea.

*Kiki yangu inatetemesha meza, nikituma wimbo watu wanasema kwenye simu haipo. (Kijana wa Kigoma)*

Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 50, iwe ya bei gani. Lakini kiki ya hezi 50 ukiitia uchafu kidogo inazaa sauti za 100, 150, 200 na kuendelea, na ubongo wa msikilizaji ukizisikia hizo unaijaza ile ya chini wenyewe. Fanya ile njia ya chaneli mbili niliyomwelekeza mwenzako wa Mbagala, ila wewe tia uchafu kwanza kwenye kiki nzima ndipo uondoe kilicho chini ya 150. Ongeza na mguso kidogo kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, pale penye mlio wa kipigio kugusa ngozi. Kisha isikilize kwenye simu mbovu kuliko zote hapo nyumbani.