Bomba la Fanesi Si Bomba la Choo

Wiki hii msomaji mmoja wa hapa Minnesota ameniandikia: "Kaka, tumenunua nyumba yetu ya kwanza, fanesi, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, imezeeka. Nimepata mpya kwa bei nzuri, na mabomba ya plastiki ya PVC yamejaa madukani. Nikiyaunga mwenyewe kuna ugumu gani?"

Kwanza hongera. Wote tunajua maana ya kushika funguo za nyumba yako ugenini baada ya zamu za usiku zisizo na idadi. Ila swali lako limenitonesha kidonda, kwa hiyo nitazunguka kidogo kabla ya kulijibu.

Nakuru nilikuwa fundi bomba. Huku nikaanza kama wengi wetu, kuhudumia wazee usiku, na mchana nikawa nasinzia darasani chuo cha ufundi. Wenzangu walinicheka: umevuka bahari uje kutambaa kwenye besimenti, vyumba vya chini ya nyumba za watu? Leo nina gari langu la kazi, na baadhi ya waliocheka wananiomba niwachukulie vijana wao wajifunze. Sisemi kwa ubaya.

Sasa kuna ndugu mmoja wa kwetu, simtaji, aliniita nimpigie hesabu ya kufunga fanesi mpya. Nikampa bei pamoja na ada ya kibali cha jiji. Akaguna. "Wewe ni wa nyumbani, mbona unanitoza hivi?" Akampata mtu wa bei ya chini, kazi ikaisha jioni moja, kibali hakuna. Ikafika Januari, ile baridi ya kugandisha kope, na simu yangu ikalia usiku. Fanesi inawaka, inazima, inawaka, inazima. Watoto wamelala na majaketi.

Nikashuka na tochi. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limelegea katikati ya vishikizi viwili, na nilipoligonga nikasikia maji ndani. Fanesi hizi za kisasa, zinazotumia asilimia 90 na zaidi ya joto la gesi, hunyonya joto mpaka mvuke wa kwenye moshi ugeuke maji. Ndiyo maana moshi wake hutoka vuguvugu tu na PVC ikauhimili. Lakini maji hayo, ambayo yana asidi, lazima yarudi kwenye mtambo na kutoka kwa mrija wake. Yakituama njiani, moshi unakosa pa kupita, na swichi ya presha inazima kila kitu. Inazima ili kuwalinda.

Kilichonitoa jasho kilikuwa juu zaidi. Praima ya PVC, ile dawa inayopakwa kabla ya gundi, kwa kawaida ni ya zambarau na huacha pete kila kiungo. Kwenye kona iliyokuwa chini ya chumba cha watoto hapakuwa na pete, plastiki nyeupe tupu. Nikaishika, ikazunguka mkononi. Yule mtu aliichomeka kavu kupima urefu, akasahau kuirudia na gundi. Ninyi mliokulia kwetu hamhitaji somo hapa, mmesikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani. Gesi ni ileile, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fanesi isiyo na hitilafu huitoa kidogo, ila ikikosa hewa au ikichafuka huitoa kwa wingi.

Alinilipa bei ileile. Siku hizi ananiita injinia.

Haya, jibu lako. Kuunga mabomba unaweza kujifunza, mradi uulize jiji lako kama linamruhusu mwenye nyumba kujifanyia. Laini ya gesi mwachie mwenye kazi yake. La kwanza ni mteremko: robo inchi kwa kila futi, kurudi upande wa fanesi, na upime kwa pimamaji, usiamini jicho. Kata bomba lisiende mshazari, sugua kingo, praima, gundi, sukuma huku ukizungusha, halafu shikilia kidogo. Vishikizi, urefu na idadi ya kona fuata kitabu cha mtengenezaji, maana kila kona inahesabiwa kama futi kadhaa za bomba. Nje, mdomo uwe angalau inchi 12 juu ya kimo cha theluji inayotarajiwa. Watu hufunga kiangazi, wanapima kutoka kwenye majani. Na mteremko, nasema tena, mteremko.

Kama uliyonunua ni ile inayotumia asilimia 80 tu ya joto la gesi, sahau PVC kabisa, moshi wake ni wa moto mno. Hiyo inataka bomba la chuma lenye kuta mbili, lipande kuelekea dohani, likae mbali na mbao kama lilivyoandikwa. Jambo jingine ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni hita ya maji. Kama ilikuwa ikishiriki dohani na fanesi ya zamani, ukiiacha peke yake dohani inakuwa pana na baridi kupita kiasi, na moshi unaweza kurudi ndani. Mara nyingi itabidi dohani itiwe bomba jembamba ndani yake.

Halafu tuache huu ugonjwa wetu wa kumkwepa mkaguzi kama askari wa barabarani. Hapa mkaguzi haji kutafuta chai, anakuja kutafuta pete za zambarau. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na harusi moja tunayochangia, na kwenye harusi hatuombi punguzo.

Kengele ya kaboni monoksaidi nayo si ya hiari. Sheria ya Minnesota inataka iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ikilia, toa watu wote nje kwanza, kisha piga 911 ukiwa hukohuko nje. Wazima moto watakuja na kipimo chao, na hakuna kurudi ndani kuchukua simu wala jaketi mpaka waseme.