Hema la taa na mbegu za asili: majibu kwa wasomaji wa Dar es Salaam

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa watu wanaoishi nyumba za kupanga, wasio na hata kipande cha uwanja, ambao wamenunua hema la kuoteshea mimea lenye taa na feni na wanataka kulitumia kwa mbegu za asili walizoletewa na ndugu kutoka mikoani. Mahema hayo yametengenezwa kwa kuzingatia nchi zenye baridi na siku zinazorefuka na kufupika sana, na sehemu kubwa ya matatizo mliyoyaeleza inatokana na hilo.

Swali (Sinza): Shikamoo mtaalamu. Shangazi yangu ameniletea kutoka Dodoma mbegu za mgagani alizovuna mwezi uliopita. Nimezinyunyiza juu ya udongo ndani ya hema na taa inawaka kutwa, lakini wiki mbili zimepita na hakuna kilichochomoza. Je, mbegu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Sidhani kama ni mbovu. Linalowezekana zaidi ni kwamba bado zimelala. Mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni hukataa kuota hata ikipewa maji na joto la kutosha, na huanza kuota vizuri baada ya kuhifadhiwa ikiwa kavu kwa miezi kadhaa. Tatizo la pili ni hiyo taa, kwa sababu mgagani ni miongoni mwa mimea ambayo mbegu zake huzuiwa na mwanga zisiote. Zifukie kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, na uwashe taa baada ya miche kuonekana. Joto la nyuzi 30 hivi linazifaa, na kwa Sinza hilo halihitaji kifaa. Zilizobaki zitunze, kisha kila baada ya wiki chache chukua mbegu 20, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye giza, uone ngapi zimeota kabla ya kupanda nyingine.

Swali (Tabata): Kunde zangu za kienyeji kutoka Mtwara zimejaza hema lote kwa majani na kamba, lakini hazichanui. Taa inawaka saa 18 kwa siku kama maelezo ya muuzaji yanavyosema.

Jibu: Muuzaji amekupa ratiba ya mmea mwingine. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa ya Desemba na siku fupi kabisa ya Juni haifiki saa moja. Mbegu zilizochaguliwa na wakulima wetu vizazi kwa vizazi zimezoea siku ya saa 12 hivi, na nyingi kati yake, zikiwemo aina nyingi za kunde, bamia na rosela, hupima urefu wa usiku kabla ya kuchanua. Ukiziwashia taa saa 18, mmea huona usiku mfupi usioufahamu, nao huendelea kuota majani bila kuweka ua. Punguza mwanga uwe wa saa 11 hadi 12 kwa siku, kisha hakikisha giza linalofuata halikatwi hata kidogo: ziba mianya ya zipu, funika vitaa vidogo vya adapta kwa utepe mweusi, na usifungue hema usiku kwa tochi ya simu. Aina inayotegemea urefu wa usiku kwa kawaida huonyesha vichwa vya maua ndani ya wiki chache.

Tabia hiyohiyo inaweza kukufaa kwa mboga za majani. Mchicha wa kienyeji, ambao katika siku zetu za saa 12 huwahi kutoa mashuke na majani yake yakawa magumu, mara nyingi huchelewa kufanya hivyo ukipewa mwanga wa saa 16, na unapata michumo zaidi kabla haujazeeka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuwasha taa ndefu katika mji huu; jua tunalo la kutosha.

Swali (Kigamboni): Mchana hema langu linafika nyuzi 39 na miche ya nyanya inanyauka. Ninunue kiyoyozi?

Jibu: Usinunue chochote kabla ya kugeuza saa. Washa taa kuanzia saa moja jioni, uzime asubuhi, ili joto la taa lisiongezeke juu ya joto la mchana, hasa Januari na Februari ambapo hata vyumba vyenye upepo wa bahari huwa kama tanuri. Feni ya kuvuta hewa ifungwe juu, ambako hewa ya moto hukusanyika, na tundu la kuingizia hewa liwe chini upande wa pili. Kifaa cha kuendeshea taa, ikiwa kinaweza kutenganishwa nayo, kikae nje. Kumbuka pia luku: taa ya wati 100 inayowaka saa 16 hula uniti 1.6 kwa siku, yaani uniti 48 kwa siku 30, na kwa mteja aliye kwenye kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi hiyo ni sehemu kubwa.

Swali (Mbagala): Miche yangu inalala chini, shina limesinyaa na kuwa jembamba usawa wa udongo.

Jibu: Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu uliotuama. Mche ulioanguka hauponi. Tumia unga wa makumbi ya nazi ulioloweshwa na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi, maana makumbi ya pwani mara nyingi yana chumvi, uchanganye na samadi iliyoiva kabisa. Panda kwa nafasi, mwagilia asubuhi tu, na uache feni ndogo ipepee juu ya miche.

Swali (Ubungo): Nina mbegu za asili za bangi. Hema hilohilo linafaa?

Jibu: Sitakuelekeza. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi, na kuipanda chumbani badala ya shambani hakukupi nafuu yoyote.

Swali (Temeke): Katika miche ya pilipili mbuzi niliyootesha, mmoja unazaa kuliko yote. Nichukue mbegu zake peke yake?

Jibu: Hapa ndipo wengi wanapoipoteza mbegu ya asili huku wakidhani wanaiboresha. Mbegu ya namna hii ni mchanganyiko wa mimea inayofanana kwa sura lakini inayotofautiana katika kuvumilia ukame, magonjwa na wadudu, na tofauti hizo ndizo zinazoiokoa mwaka mbaya ukija. Ukibakiza mche mmoja unabakiza sehemu ndogo tu ya urithi huo. Ondoa iliyo dhaifu au yenye ugonjwa, kisha changanya mbegu za mimea yote iliyobaki, kumi na zaidi kama hema linaruhusu. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Pilipili nayo hujichavusha, ila nyuki huichanganya kwa urahisi na aina za jirani, na hapo hema lililofungwa ni msaada mkubwa. Maua ukayatikise kwa mkono mchana. Mchicha huchavushwa na upepo na huhitaji mimea mingi zaidi, kwa hiyo mbegu yake izalishwe nje, mbali na aina nyingine.

Ukitaka kuziuza, fahamu kwamba biashara ya mbegu iko chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na wa kuwauliza kwanza ni TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye makao makuu Morogoro. Za matumizi yako zikaushe kivulini penye upepo, zitie katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana pamoja na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, uandike aina, mahali zilikotoka na mwezi wa kuvuna, kisha uweke chupa sehemu ya chini ya friji, kwa sababu bahasha iliyoachwa jikoni wakati wa masika hunyonya unyevu na mbegu hufa kabla ya vuli.